Uliza Fundi: Faiba gani niweke nyumbani?

Wiki hii barua zote ni za intaneti, sijui mmeambiana. Nimechukua nne, zingine zinafanana.

Asalam aleikum fundi. Nimehamia Bamburi mwezi uliopita, nyumba ya kupanga, ghorofa ya pili. Toka nihamie nshabishiwa hodi na mawakala watatu wa intaneti, kila mmoja anasema wenziwe hawafai. Nina watoto watatu, mkubwa yuko chuo anasoma kwa Zoom, hawa wadogo ni katuni asubuhi mpaka jioni, na baba yao yuko Doha, twaongea nae kwa video kila usiku. Bando za simu zanimaliza. Sitaki kutoa zaidi ya elfu nne na kitu kwa mwezi. Nichukue ipi? — Mama Watatu, Bamburi

Waaleikum salam dadangu, na hongera ya nyumba mpya. Hao mawakala usiwakasirikie, wanalipwa kwa kila mteja wanaemleta, lakini pia usiwaulize spidi maana wote watakwambia ya kwao ndo kali. Wewe shuka chini utoke nje ya geti utizame nguzo. Utaona viboksi vyeusi vimening'inizwa na waya nyembamba zinatoka kuingia majumbani, hapo ndo faiba yako, yaani intaneti ya waya, itatoka. Kama kampuni ina boksi kwenye nguzo iliyo mbele ya ploti yenu basi kuunganishwa ni kazi ya saa mbili, kama boksi liko barabara ya pili basi utaambiwa "tunakuja kesho" mpaka uchoke, na wakija watavuta waya mrefu juu ya paa za watu, siku lori la mchanga likipita limekata na wewe umezimika. Mimi nishakaa siku tisa bila intaneti kwa waya kama huo, na kampuni yenyewe siitaji, kila nikipiga simu naambiwa fundi yuko njiani. Njia gani hiyo ya siku tisa!

Sasa hesabu ya nyumba yako. Netflix wenyewe wanasema picha safi ya HD inataka Mbps 5 (Mbps ni kipimo cha spidi, megabiti kwa sekunde), ile ya 4K ndo inakula 15. Zoom ya mwanao weka 3 au 4. Baba Doha kwa video haimalizi hata 2. Katuni za YouTube kwa simu weka 3 kila mtoto. Jumlisha vyote vikienda pamoja ni kama 17 hivi, na kwa kawaida haviendi pamoja.

Nikikupa mfano wa Safaricom kwa sababu bei zao zinajulikana na watu wengi: Septemba 2024 waliongeza spidi bila kupandisha bei, ile Bronze ya 2,999 ikatoka Mbps 10 ikawa 15, Silver ya 4,100 ikatoka 20 ikawa 30, Gold ya 6,299 ikaruka kutoka 40 mpaka 80. Bei wathibitishie siku unayolipa maana hubadilika, lakini tizama hiyo hesabu vizuri. Bronze unalipa kama shilingi 200 kwa kila Mbps moja, Silver kama 137, Gold inashuka mpaka kama 79. Hapo ndo wakala anakupatia, anakwambia mama ukienda juu ndo rahisi! Rahisi kwa Mbps ndio, lakini Mbps usizotumia ni kama kununua gunia la mchele na wewe wala ndizi. Kwako wewe kifurushi cha 30 kinatosha na kubaki, hata cha 15 kingeenda ila saa mbili usiku, yule mwanao mkubwa akianza Zoom na hawa wadogo wako kwa TV utasikia kelele. Zuku nao wako na faiba hapa Mombasa, na kampuni ya Jamii ambao ndio wenye jina lenyewe la Faiba, kwa hiyo ulizia bei zao kwa Mbps hizo hizo 30, usilinganishe 30 ya huyu na 15 ya yule ukadhani umeokoa pesa.

Lakini kabla hujatoa hata shilingi, gonga mlango wa jirani. Kuna mmoja hapo chini ana faiba, hakosi. Muombe uje na simu yako saa tatu usiku, sio saa nne asubuhi wakati watu wako kazini, uingie fast.com, tovuti ya kupima spidi, mara mbili tatu uone namba. Faiba za nyumbani zinagawanywa kwenye boksi moja kwa nyumba nyingi, kwa hiyo usiku mtaa mzima ukiwa kwa mpira na tamthilia ndo utajua kampuni imejaza wateja kupita kiasi ama la. Halafu muulize ikikatika walikuja baada ya siku ngapi. Jibu la jirani hapo linashinda karatasi zote za mawakala. Nimeona mitaa miwili imetenganishwa na barabara tu, kampuni ileile, huku watu wanaisifu huku wanailaani, kisa fundi wa eneo hili ni mchapa kazi na wa lile ni yule wa "niko njiani".

Landilodi pia muulize, ploti zingine mwenye nyumba ashakubaliana na kampuni moja na hataki waya nyingine itobolewe ukutani kwake. Na ukilipa hesabu inaanza siku hiyo hiyo kwa siku 30, ukienda harusini Lamu wiki mbili haikungoji. Usilipe miezi sita mbele kwa sababu umepewa ofa, lipa mmoja kwanza.

Fundi mambo. Naishi Mji wa Kale, nyumba ya zamani ya babu. Nalipa 30 Mbps lakini chumbani kwangu napata 4, saa zingine 2. Nimewapigia wanasema kwao iko sawa. Ni waongo ama mimi ndo nina kisirani? — Kijana wa Mji wa Kale

Poa mdogo wangu. Nyumba za huko nazijua, kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, upana wake unaweza kukaa dirishani ukanywa kahawa. Waifai ikipita ukuta mmoja kama huo imeshachoka, ukuta wa pili imekufa. Walijengea joto, waifai hawakuijua.

Fanya hivi: chukua laptopu na kebo ile ya mtandao, chomeka moja kwa moja kwenye rauta, pima. Ukipata 28 au 29 basi kampuni haina kosa, tatizo liko kati ya rauta na kitanda chako. Ukipata 4 hata kwa kebo, hapo wapigie uwaambie umepima kwa waya, utaona lugha inabadilika mara moja maana wanajua huwezi kudanganywa. Rauta nyingi sasa zinatoa majina mawili ya waifai, moja ni 2.4 na lingine ni 5. Hiyo ya 5 ni kali ukiwa karibu nayo lakini ukuta inauogopa, ya 2.4 ni pole ila inapenya zaidi, chumbani tumia 2.4. Kama haitoshi basi tafuta mtu avute kebo kutoka rauta mpaka chumbani kupitia uwanja wa ndani, mle katikati ya nyumba mnakoanika nguo, halafu huku chumbani weka rauta ya pili ya bei ya chini. Vile vifaa vya kuchomeka ukutani vya kuongeza waifai usinunue, kwa kuta zenu vinapokea waifai iliyokufa na kuisambaza ikiwa imekufa vilevile.

Halafu kitu kimoja, ukidaunlodi na ukaona inaandika MB 3.5 kwa sekunde usiruke, hiyo ndo 30 yako. Kampuni zinauza kwa megabiti na kompyuta inahesabu megabaiti, megabaiti moja ni megabiti nane. Gawanya 30 kwa 8 utaona.

Shikamoo fundi, ama niseme habari, sijui umri wako. Mimi mstaafu, nimerudi shambani Kaloleni. Faiba huku hakuna na mtandao wa simu mpaka nipande kilimani. Wajukuu wananiambia niweke Starlink. Stima ninayo ya sola tu. Itafaa? — Mzee wa Minazi

Marahaba naomba nisiitikie mzee wangu, shikamoo ni yangu kwako.

Itafaa, na kwa hali yako ndio hiyo tu. Starlink, wale wa intaneti ya satelaiti, waliingia Kenya Julai 2023, kifurushi cha kawaida cha nyumbani 6,500 kwa mwezi, na baadae wakaleta cha kukodi dishi badala ya kununua. Satelaiti zao ziko chini, kama kilomita 550 juu, sio zile za zamani za kilomita elfu thelathini na sita ambazo ukisema "halo" mwenzio anajibu wewe ushasahau uliuliza nini. Jijini Nairobi na kaunti za jirani kuna wakati walijaa mpaka Novemba 2024 wakaacha kupokea wateja wapya, wewe shambani hushindani na wengi hivyo.

Shida yako ni mbili na hakuna wakala atakwambia. Ya kwanza ni mnazi. Dishi inataka kuona anga wazi, na wewe mwenyewe umejiita Mzee wa Minazi. Kabla ya kununua waambie wajukuu wafungue programu ya Starlink kwa simu, ina sehemu ya kuangalia vizuizi, unaizungusha simu juu inakuonyesha kama makuti yatakata mawasiliano. Usikate mnazi, pandisha dishi juu ya paa.

Ya pili ni sola. Dishi ya kawaida inakula wati 75 mpaka 100 mchana na usiku, hailali. Betri ya 100Ah ya volti 12 ina kama wati-saa 1,200, na zile za asidi hutakiwi kuzimaliza zaidi ya nusu, unabaki na 600, ambayo ni saa nane tu kwa wati 75, na hapo hujawasha taa wala kuchaji simu. Ile dishi ndogo wanayoita Mini inakula wati 25 mpaka 40, betri hiyo hiyo inakupeleka usiku kucha na zaidi. Chukua hiyo ndogo, na usiku mkilala izimeni.

Fundi kuna kijana mtaani kwetu Kisauni anauza waifai, shilingi ishirini masaa kadhaa, unalipa M-Pesa unapewa kodi, ile namba ya kuingilia. Iko poa ama ataniibia pesa za benki? — Naogopa

Kukuibia pesa za benki si rahisi hivyo, programu za benki na M-Pesa zinafunga mazungumzo yao njiani. Anachoweza kuona ni tovuti unazotembelea. Ila mtu anaeuza intaneti kwa umma anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na wengi wa hawa wamechukua faiba moja ya nyumbani wakaigawa kwa mtaa mzima, siku kampuni ikigundua inakatwa na kodi yako imeenda. Kwa mwanafunzi wa kufungua notisi mara moja moja nunua. Ukijikuta unanunua kila siku piga hesabu, ishirini mara mbili kwa siku 30 ni 1,200, muongeze jirani mmoja na mwingine mnakaribia faiba yenu wenyewe.

Wengine walioniuliza kwa nini intaneti inakwama na sisi ndio tuna kebo za baharini hapa hapa, TEAMS kutoka Fujairah kule Emirati na SEACOM zote za 2009, EASSy 2010, PEACE 2022: ndio, zinatua Mombasa, lakini kutoka ufukweni mpaka sebuleni kwako bado kuna zile nguzo. Na baharini nako hukatika, tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika siku moja na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikatambaa.

Mama Watatu, ukishagonga kwa jirani niandikie namba ulizopata saa tatu usiku.