Nitajuaje kama nomino ya Kijerumani ni der, die au das?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, niko Mwanza, nasoma Kijerumani kiwango cha A2 (cha awali) na najiandaa kwa mtihani wa B1, kiwango kinachofuata. Maneno nayakumbuka, ila artikeli, yaani vijineno der, die na das vinavyotangulia nomino, zinanichanganya. Leo naandika der Bett (kitanda), kesho die Bett. Mwenzangu anasema hakuna kanuni, nikariri tu. Ni kweli? Na kwa nini msichana awe das ilhali mwanamke ni die?

Jibu: Marahaba. Kanuni zipo, na kwa msamiati wa hospitali zinakusaidia sana. Yatakayobaki utayakariri, ila usiyakariri kwa orodha.

Kwa Kiswahili kazi hii unaifanya tayari. Neno "gari" na neno "kalamu" hayana alama yoyote ya ngeli mwanzoni, lakini hata usingizini huwezi kusema "kalamu langu". Uliyasikia yakiwa na maneno yanayoandamana nayo: gari langu, kalamu yangu. Nomino nyingi za Kijerumani ziko hivyo hivyo. Jinsia (der ni ya kiume, die ya kike, das si ya kiume wala ya kike) haionekani kwenye neno lenyewe, huonekana kwenye artikeli, kivumishi na kiwakilishi. Kwa hiyo "Bett" peke yake kwenye daftari ni neno lililoandikwa nusu. Andika umoja na wingi: das Bett, die Betten.

Kuhusu msichana: Kiswahili hutanguliza uhai, ndiyo maana tunasema "kifaru amelala" ingawa neno limeanza na ki-. Kijerumani mara nyingi hutanguliza umbo la neno. Kiishio -chen ni cha udogo, na kila neno lenye kiishio hicho huwa das, liwe la mtu au la mkate: das Mädchen (msichana), das Brötchen (mkate mdogo). Hata sisi tukidunisha tunasema "kijitoto kimelala", udogo ukaushinda uhai. Kwa Mädchen imetokea hivyo hivyo, tofauti ni kwamba siku hizi neno hilo ndilo la kawaida kwa msichana yeyote.

Anza na viishio vya kuaminika. Maneno yenye -ung, -heit, -keit, -schaft, -tion na -tät ni die: die Impfung (chanjo), die Krankheit (ugonjwa), die Übelkeit (kichefuchefu), die Schwangerschaft (ujauzito), die Infektion. Hakikisha tu kwamba ni kiishio kweli: der Sprung (mruko) ina -ung ndani ya shina lake, kwa hiyo haihusiki. Yenye -ling ni der, kama der Säugling, mtoto mchanga. Kitenzi kikigeuzwa nomino bila kubadilishwa umbo huwa das: das Atmen, kupumua.

Kiishio -e kinaelekea sana die: die Spritze (sindano), die Salbe (marhamu), die Wunde (jeraha), die Niere (figo), na die Schule iliyotupa "shule" yetu. Lakini kuna das Auge (jicho) na der Name (jina), kwa hiyo hapo hakikisha kwenye kamusi. Na -er usiiamini kabisa kwa vitu. Mtu mwanamume mwenye kazi yake ni der, kama der Pfleger (muuguzi), na mwanamke huongezewa -in: die Pflegerin. Kwa vitu hakuna mwelekeo wa kutegemea: der Finger, die Leber (ini), das Fieber (homa).

Maneno marefu yasikutishe, maana neno la mwisho ndilo linaloamua. Das Blut (damu) likiungana na der Druck (shinikizo) unapata der Blutdruck, shinikizo la damu. Ongeza die Messung (upimaji), inakuwa die Blutdruckmessung. Ishia na das Gerät (kifaa), inakuwa das Blutdruckmessgerät, kifaa chenyewe cha kupimia.

Sasa kosa ambalo nadhani ndilo linalokusumbua. Unakutana na "in der Klinik" (kliniki) kwenye maandishi, unaona der, unaandika der Klinik. Hiyo ni dativi, mojawapo ya hali za nomino zinazobadilisha artikeli: die imegeuka der kwa sababu ya "in" ya mahali. Au unaona "die Kinder" (watoto) ukadhani Kind ni ya kike, kumbe wingi wa jinsia zote tatu hutumia die. Usichukue artikeli kutoka kwenye sentensi. Ichukue kwenye kamusi: kamusi ya Kijerumani ya Duden huandika "Bett, das", nyingine huweka m (der), f (die) au n (das).

Kwa mazoezi, maneno 10 kwa siku yanatosha, ila yachanganye jinsia. Ukijifunza maneno ya die matupu kwa siku moja, unakumbuka siku, hukumbuki neno. Kila neno lipitishe kwa sauti kwenye sentensi mbili. Ya kwanza ni "Ich brauche...", yaani nahitaji: einen Verband (bendeji), eine Spritze, ein Bett. Naipendelea hii kwa sababu kwenye nominativi (neno likiwa kiima) "ein Verband" na "ein Bett" hufanana, lakini kwenye akuzativi (likiwa yambwa, kama hapa) jinsia zote tatu huachana. Ya pili ni swali na jibu: "Wo ist der Verband? Er ist hier." (Bendeji iko wapi? Iko hapa.) Spritze hujibiwa sie, Bett hujibiwa es. Ni kama unavyojibu "kiko hapa" kwa kitanda na "iko hapa" kwa sindano bila kufikiri, na usitafsiri er kuwa "yeye", maana bendeji si mtu. Neno ulilolikosea lirudie kesho yake, kisha baada ya siku 3, kisha baada ya wiki.

Ukisahau artikeli katikati ya mtihani wa kuzungumza, tumia wingi, mradi unaujua: "zwei Tabletten" (vidonge viwili) haidai jinsia. Baada ya "mit" (pamoja na), ambayo hufuatwa na dativi, pia mzigo hupungua, kwa kuwa der na das zote huwa dem. Hapo unahitaji kujua jambo moja tu, kama neno ni la die au si la die.