Maswali Yenu: Nimeweka toleo jipya, ramani yangu imegoma kufunguka kwa injinia

Kila matoleo mapya ya programu za kuchora ramani za majengo, kama Revit, AutoCAD, Archicad na SketchUp, yakitoka barua zinajaa hapa, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, nihamie au nisubiri. Nimechukua zile zenye mambo yatakayowafaa wengi, nyingine nimezifupisha kidogo ila maneno ni yenu.

Dada habari za kazi. Nina mradi wa nyumba ya ghorofa mbili niliuanza kwenye Revit 2023. Juzi nimeweka Revit 2025 nikafungua lile faili, nikachora nikasevu, sasa nimemtumia injinia wa zege yeye ana 2023 na kwake halifunguki kabisa, anaambiwa faili ni la toleo la mbele. Nimetafuta sehemu ya kusevu kwa toleo la nyuma kama ile ya AutoCAD sijaiona. Iko wapi?
*Msanifu niliyekwama*

Nzuri ndugu yangu, na pole sana. Hujaiona kwa sababu haipo. Revit ilianza kuuzwa mwaka 2000, Autodesk, kampuni yenye AutoCAD, wakainunua 2002, na mpaka leo faili lake halirudi nyuma. Ukifungua faili la zamani kwenye toleo jipya linapandishwa, ukishasevu basi, toleo la chini haliwezi kulisoma tena.

Wengi wanadhani ni ujanja wa biashara tu, lakini kuna sababu ya kazi yenyewe. Kwenye AutoCAD ukuta ni mistari, na mstari wa leo hauna tofauti kubwa na mstari wa miaka 20 iliyopita. Kwenye Revit ukuta ni kitu kizima chenye taarifa zake, una tabaka ngapi, umeshikana na slabu ipi, dirisha gani limeutoboa, uko kwenye hatua gani ya ujenzi. Ukuta wa kuinama ulikuja na toleo la 2021, ukuta unaopungua unene ukienda juu ukaja 2022, sasa hiyo Revit 2020 ukiipa ukuta wa namna hiyo itauandika wapi wakati haiujui?

Sasa tuokoe kazi yako. Nenda kwenye foda ulipolisevu, kama ni faili la kawaida ambalo hamjaligawana watu wengi utakuta mafaili yenye jina lile lile na mkia wa namba, 0001, 0002 na kuendelea. Hayo ni bakapu, kila ukisevu Revit inaliweka pembeni lile lililokuwepo kabla. Tafuta lenye tarehe ya kabla hujaweka 2025, hilo bado ni la 2023. Linakili kwanza liweke foda nyingine ndo ulifungue, na uende leo maana ukiendelea kusevu yale ya zamani yanafutwa yenyewe. Ulichochora baada ya hapo itabidi ukirudie kwa mkono, inauma ila ni kazi ya siku chache si ya miezi.

Kama bakapu imeshapotea zimebaki njia mbili. Moja injinia aweke 2025 pembeni ya 2023 yake, matoleo haya yanakaa pamoja kwenye kompyuta moja bila kugombana, na anayelipia leseni kwa kawaida anaruhusiwa kupakua matoleo kadhaa kwa pamoja. Ya pili umtolee IFC, ambayo ni lugha ya pamoja ya programu za majengo, ataona jengo lote na kuchora nguzo zake juu yake, ila kuta zako hatazihariri kama kuta za Revit, kwake zitakuwa rejea tu.

Na nawaomba wote mnaosoma hapa, hili nalisema kwa moyo wote kwa sababu naona watu wanavyopoteza kazi za watu: mradi umalizike kwenye toleo ulioanzia. Siku ya kwanza mkikaa na injinia, mtu wa umeme na mtu wa mabomba, andikeni kwenye makubaliano mnatumia toleo namba ngapi. Toleo jipya lianze na mradi mpya. Na ukitaka tu kuchungulia mambo mapya fungua nakala, si faili lenyewe. Hata ukifungua lenyewe kwa bahati mbaya, kabla hujasevu bado uko salama, lifunge bila kusevu.

Wanaotumia Archicad wana nafuu kidogo, wao wanaweza kusevu kurudi toleo moja nyuma. Moja tu lakini, ofisi mbili zikipishana matoleo matatu mtakwama vile vile.

Dada, AutoCAD mpya imeniharibia mkono. TRIM, ile amri ya kukata mistari, nilikuwa nachagua mstari wa kukatia kwanza, nabonyeza enta, ndo nakata. Sasa hivi nikigusa tu inakata yenyewe hata nisipotaka. Nimechora hivyo miaka mingi, nirudi toleo la zamani? Na mafaili yangu yatafunguka kwa wenzangu wenye matoleo ya nyuma?
*Mchora ramani wa siku nyingi*

Hapana usirudi. Andika TRIMEXTENDMODE, enta, kisha 0, enta. Umerudishiwa ya zamani, na EXTEND ya kurefusha mistari nayo itarudi. Hayo mabadiliko yaliingia 2021, programu inachukulia mistari yote iliyopo kuwa ya kukatia. Ila mzee wangu kwa heshima, jipe muda kidogo na hii mpya kabla hujaizima, kwenye ramani yenye kuta nyingi inapunguza klik nyingi sana na wengi waliolalamika mwanzoni sasa hawataki kusikia ya zamani.

Uliuliza pia kama mafaili yako yatafunguka kwa wenzako. Yatafunguka. Muundo wa faili la DWG, yaani faili la AutoCAD, ulibadilika mara ya mwisho na toleo la 2018, na AutoCAD 2025 bado inasevu kwa muundo huo huo. Mwenye la 2013 mpaka 2017 msevie kwa muundo wa 2013 ataona kila kitu.

Mambo dada, nasikia SketchUp 2024 ina injini mpya ya picha inakimbia sana, nimeiweka kwangu badala ya kukimbia inagandaganda na mistari inamemeteka. Na je, 2025 inafaa au ndo mbaya zaidi?
*Kijana wa rendari*

Poa. Kadi ya picha ya kompyuta yako ni ya lini? Injini mpya imeandikwa kwa ajili ya kadi za kisasa, kwenye kadi nzuri modeli nzito inazunguka laini, kwenye kadi ya zamani au yenye draiva (programu inayoiendesha kadi) iliyochakaa ndo hayo unayoyaona. Anza na draiva, mara nyingi tatizo linaishia hapo. Ikigoma, ingia kwenye mapendeleo sehemu ya grafiki uchague injini ya zamani, funga programu ufungue tena. Utakosa vile vivuli vya kwenye kona vinavyofanya chumba kionekane kuwa na kina, lakini kazi itaenda.

2025 imeleta matirio zenye mng'ao na ukwaruzo wa kweli, yaani bati linaakisi, zege haliakisi, na unaweza kuweka picha ya anga inayomulika modeli nzima. Kwa mteja asiyesoma ramani hii ni nzuri mno, unamwonyesha humo humo bila kupeleka modeli kwenye programu nyingine ya rendari, yaani ya kutoa picha zinazofanana na jengo halisi. Ila kama kadi yako inalia na 2024 usitegemee miujiza. Uzuri wa SketchUp ni kwamba kuanzia toleo la 2021 mafaili yanafunguka mbele na nyuma, kwa hiyo ukijaribu 2025 ukashindwa unarudi na modeli yako.

Kila mtu anasema toposolidi, toposolidi, hiyo ardhi mpya ya Revit. Mimi kiwanja changu nilikuwa nachora na ile ya zamani ya Revit na kinaonekana vizuri tu. Kwani kuna nini kipya hapo cha kupigiwa kelele?
*Fundi mchora ramani*

Kwa maoni yangu hiki ndicho kitu kikubwa kuliko vyote kwenye Revit 2024, kuliko hata ule mwonekano wa rangi nyeusi wa skrini ambao kila mtu aliushangilia. Ardhi ya zamani ilikuwa kama shuka lililotandazwa, lina umbo la juu tu halina unene. Ukikata sehemu ya jengo, udongo unaouona chini ulikuwa ni mchoro wa kujaza nafasi.

Toposolidi ina unene na tabaka kama slabu, udongo wa juu sentimita kadhaa, changarawe, udongo mgumu, kila tabaka na matirio yake, ukikata zinaonekana zote na ukitaka kuhesabu ujazo unahesabika. Unaweza kuitoboa. Kwenye kiwanja cha mteremko hapo ndo utaipenda, na toleo la 2025 likaongeza uchimbaji, unachukua sakafu ya chini ya ardhi au slabu ya maegesho unaiambia ichimbe ardhi, shimo linatokea lenyewe na ujazo wa udongo uliotoka unausoma. Ukihamisha slabu na shimo linahama. Mkadiriaji majenzi wako atakushukuru, maana udongo wa kuchimba na kusomba ni moja ya vitu vinavyovuruga bajeti mapema kabisa, hata msingi haujamwagwa.

Ukifungua mradi wa zamani ile ardhi yako haigeuki yenyewe, ichague kisha ubonyeze kitufe cha kutengeneza toposolidi. Kagua pointi baada ya hapo, hasa kama zilitoka kwa mpima ardhi na ni maelfu, na pale ulipokuwa umegawa barabara na majani hakikisha mipaka imekaa.

Baada ya kuhamia Revit 2025 plagini zangu, vile viprogramu vya kuongezea, karibu zote hazionekani. Nimezifuta nimeziweka upya wapi. Nimeletewa virusi?
*Naomba msaada*

Sio virusi. Revit 2025 ilihamia kwenye .NET 8, msingi wa programu wa Microsoft, ndani ndani huko msingi wote wa plagini ulibadilika, kwa hiyo aliyeiandika lazima aitengeneze upya kwa toleo hilo. Ingia kwa mwenye plagini upakue ya 2025. Kama hajaitoa na kazi yako inaitegemea, baki na 2024 bila aibu yoyote. Na ile plagini ya kutoa PDF huenda huihitaji tena, tangu 2022 Revit inatoa PDF yenyewe, karatasi nyingi kwa mpigo na majina unapanga unavyotaka.

Shikamoo dada. Mimi ni mwanafunzi, leseni ya mwanafunzi itaisha nikimaliza chuo na sina uwezo wa kununua. Nimesikia FreeCAD imefika toleo la 1.0, je naweza kuchorea kazi ya kweli ya mteja au ni ya kujifunzia tu?
*Mwaka wa mwisho*

Marahaba mdogo wangu. Kwanza la leseni, ile ya mwanafunzi usiitumie kwa kazi ya kulipwa hata kama bado haijaisha, masharti yake ni ya masomo. FreeCAD ni ya bure kwa kila mtu na kazi ya mteja inaruhusiwa.

Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024, zaidi ya miaka 20 tangu mradi uanze. Waliochelewa kuiamini walikuwa na hoja, ulikuwa ukirekebisha mchoro wa mwanzo nyuso zinabadilika majina na vitu ulivyojenga juu yake vinavunjika. Toleo hili limepunguza sana tatizo hilo, halijaisha lote ila sasa linavumilika. Na upande wa majengo, BIM, yaani kuchora jengo kwa vitu vyenye taarifa zake kama kwenye Revit, imeingizwa ndani, huhitaji tena kuitafuta pembeni, kuta, madirisha, ngazi, paa na IFC vipo.

Jibu langu ni ndiyo kwa nyumba ndogo, ukubali kwamba karatasi za mwisho zitakuchukua muda mrefu kuliko Revit, vipimo na maandishi bado vinataka uvumilivu. Jengo kubwa lenye timu ya watu wengi bado sikushauri. Anza likizo hii, chukua ramani uliyokwisha kuimaliza kwenye Revit uichore upya yote kwenye FreeCAD mpaka karatasi za kuchapa, kisha toa IFC umpe mwenzako aifungue kwake akwambie nini kimefika na nini kimepotea njiani. Ukikwama andika tena, nitumie na faili lenyewe.