Vijimeno vya konodonti: siki itatosha?

SWALI: Nimesoma kuhusu konodonti, mnyama wa kale wa baharini aliyetuachia vijimeno tu. Nataka kuvitoa kwenye mawe ya chokaa ya Amboni kwa siki. Nitavipata? Na je, ni meno kweli?
Mwanafunzi, Tanga

JIBU: Amboni hutavipata, hata uyeyushe gunia zima. Chokaa ile ni ya kipindi cha Jurasiki, na konodonti walikwisha kutoweka mwishoni mwa Triasiki, kipindi kilichotangulia Jurasiki, miaka milioni 201 hivi iliyopita. Itakubidi upate chokaa ya baharini iliyo kongwe kuliko hapo.

Wazo la siki, hata hivyo, ni zuri. Vijimeno hivi ni fosfeti ya kalsiamu, na asidi ya asetiki, ndiyo iliyomo katika siki, hula chokaa ikaviacha. Siki ya dukani ni dhaifu. Maabara hutumia asidi ya asilimia 10 hivi. Vunja kilo 2 za jiwe ziwe kokoto, usisage. Ziweke kwenye chujio la plastiki ndani ya ndoo yenye asidi hiyo, nje penye hewa, ukiwa umevaa glavu na miwani. Asidi ya haidrokloriki usiiguse: itakula jiwe na meno pamoja. Hata ya asetiki huyachubua meno yakawa meupe kama chaki, ikiwa ni mpya tupu. Kila unapobadilisha asidi, changanya na kiasi cha ile iliyokwisha kutumika, kwani asetati ya kalsiamu iliyomo huyakinga.

Mashapo yanayobaki yaoshe polepole kwenye chekeche la maikromita 63, yakaushe, kisha yapekue chini ya hadubini. Kijimeno kingi hakifiki milimita 2. Kiokote kwa ncha ya brashi iliyoloweshwa. Chekeche nalo hubakiza punje za jiwe lililotangulia. Lichovye kwenye rangi ya buluu ya methilini kabla ya sampuli mpya: punje yoyote ya buluu si ya jiwe lako.

Kwa kazi yake, ni meno: yana alama za kusagana. Mwanasayansi Pander aliyaeleza mwaka 1856, lakini mwili wenyewe ulielezwa mwaka 1983 tu, kutoka Granton karibu na Edinburgh, Uskoti: kiumbe mfano wa samaki mkunga, urefu sentimita 4, asiye na taya. Vijimeno vilikuwa kooni, vikikua kwa kuongezewa tabaka kwa nje. Gamba gumu la vijimeno hivyo hufanana na enameli ya meno yetu, ila lilijitokeza kwa njia yake lenyewe; hatukulirithi kwake.