Ushauri kwa Anayesafiri Barabara ya Kusini

Kwa anayetaka kuifahamu barabara ya Kusini, na si kufika Mtwara tu, ushauri wangu ni apande basi la alfajiri kutoka Dar es Salaam na akate tiketi ya dirisha la kushoto. Bahari iko upande huo, ingawa kwa sehemu kubwa ya safari haionekani. Tangu enzi za Kilwa, watu na mizigo ya pwani hii walisafiri kwa majahazi, wakifuata pepo za kaskazi na kusi. Barabara ya magari ilikuja baadaye sana.

Mahali pa kutosinzia ni Rufiji. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yalivushwa kwa pantoni pale Ndundu, na masika yalipochachamaa, mto ukafurika na tope likazidi, Lindi na Mtwara zilikatika na Dar es Salaam kwa majuma mengi, hata mwenye haraka akalazimika kusubiri meli au kuzunguka kwa njia ya Songea. Vijana wanaolalamikia uchovu wa basi la siku moja huwa nawashauri wawaulize wazazi wao habari za Ndundu. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga, kama kilomita 60, kilibaki bila lami kwa miaka mingi.

Ukishapita Lindi, usiende moja kwa moja hadi stendi ya Mtwara. Shuka Mikindani, ambako barabara inaikumbatia ghuba, kisha umalizie safari kwa bajaji. Hapo ndipo David Livingstone alipoanzia safari yake ya bara mwaka 1866, na Boma la Wajerumani la mwaka 1895 lingali limesimama. Waingereza walipohitaji bandari ya kusafirishia karanga za Nachingwea, mwishoni mwa miaka ya 1940, walichagua kina kirefu cha Mtwara, na Mikindani ikabaki nyuma. Kwa mtazamaji, nadhani, hiyo ni bahati.

Kuanzia Machi hadi Mei, piga simu ofisi ya basi siku moja kabla, na usipange harusi wala usaili kesho yake. Mei 2024, mvua kubwa na Kimbunga Hidaya viliikata barabara hii eneo la Somanga, lami ikiwepo na daraja likiwepo.