Usimkatie mzee pombe ghafla

Mzee aliyezidiwa na pombe mara nyingi haonekani mlevi. Baba yangu hakuwahi kuyumba njiani wala kumtukana mtu. Alianguka chooni usiku, akakonda, akawa anasahau kama ameshameza dawa ya presha. Kila mtu pale Kibosho, Kilimanjaro, alisema ni uzee, hadi nesi mmoja alipomwuliza kwa adabu, "Mzee wangu, ukiamka unaanza na nini?" Baba akajibu bila kuficha: kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ili mikono itulie, na usiku pombe kali kidogo pamoja na vidonge vya usingizi.

Sisi tulijua anakunywa. Tulijipa moyo kwamba hajaongeza, ni kata zake zilezile za miaka yote. Lakini umri unapokwenda maji mwilini hupungua na ini hufanya kazi polepole, kwa hiyo kiasi alichokimudu akiwa na miaka 40 kinamwangusha akiwa na 70. Ukichanganya na vidonge vya usingizi kama diazepamu, hata pumzi inaweza kukata usingizini.

Ndugu walitaka afungiwe ndani asionje tena. Nakusihi, usifanye hivyo kwa mtu anayekunywa kila siku. Ndani ya saa chache huanza kutetemeka na kutoka jasho. Degedege huweza kufuata siku mbili za mwanzo, kisha kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo inaua, na mwili wa mzee hauna akiba ya kupambana nayo. Baba alilazwa, akapewa dawa ya kutuliza iliyopunguzwa siku hadi siku, na vitamini B1 ya sindano kabla ya dripu ya glukosi. Vidonge vya usingizi navyo havikatwi kwa mkupuo.

Kurudi nyumbani kulikuwa kugumu kuliko wodi. Uchagani mzee hupewa kata ya kwanza, na kuikataa ni kama kuwakataa watu. Baba mdogo ndiye aliyekwenda kuzungumza na wazee wenzake, na sasa kwenye shughuli baba huletewa togwa mapema, kabla ya mbege kuanza kuzunguka.

Kama mzee wako hutetemeka asubuhi hadi anywe, mpeleke hospitali leo. Aliyefikisha miaka 60 aulizie dirisha la wazee. Beba dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na za dukani na za miti shamba, na mwache ajibu mwenyewe anapoulizwa.