Wasomaji Wanauliza: Mapambo ya Noeli Yashushwe Lini?

Swali: Wifi yangu aliyewahi kuishi Uingereza anasema mapambo yakivuka tarehe 5 Januari, nyumba inaingia nuksi mwaka mzima. Jirani anasema ni tarehe 6. Kwenye jumuiya yetu nako wanataka pango libaki hadi Ubatizo wa Bwana. Nimshike nani?
*Mama wa watoto watatu, Mwanga, Kigoma*

Jibu: Mama, wifi na jirani wanagombea usiku mmoja. Waingereza husherehekea Noeli siku 12. Ukianza kuhesabu tarehe 25 Desemba yenyewe, ya 12 ni 5 Januari. Ukianza tarehe 26, unaangukia 6 Januari, Epifania, sikukuu ya Mamajusi. Zamani siku ilianza jua likizama, kama wazee wa Ujiji wanavyosema "usiku wa Ijumaa" wakimaanisha Alhamisi jioni. Kwa hesabu hiyo, jioni ya tarehe 5 tayari ni usiku wa Epifania.

Nuksi nayo ina asili yake. Mapambo ya kale yalikuwa matawi mabichi, na watu waliamini roho za miti hujificha humo wakati wa baridi kali. Zisipoachiliwa sikukuu ikiisha, mazao yangeharibika. Aliyechelewa aliambiwa bora ayaache mapambo hapo hapo hadi Noeli nyingine! Lakini katika karne ya 17, huko huko Uingereza, matawi yalikaa hadi mkesha wa 2 Februari, na Waswidi mpaka leo hushusha tarehe 13 Januari. Tarehe yenyewe imehamahama kiasi hicho, kwa hiyo usikose usingizi.

Kama ninyi ni Wakatoliki, wa jumuiya ndio wenye hoja. Kipindi cha Noeli hufungwa na Ubatizo wa Bwana, kwa kawaida Dominika inayofuata Epifania. Kalenda ya liturujia itakupa tarehe ya mwaka huo. Wapo wanaoacha pango hadi 2 Februari, Bwana alipotolewa Hekaluni, na hawakosei.

Unapolibomoa, sanamu za plasta zifute kwa kitambaa kikavu. Plasta hunywa maji, kisha rangi hubanduka. Sanamu iliyobarikiwa ikivunjika usiitupe jalalani: izike mahali pasipokanyagwa.

Swali: Tulisimika tawi la msaiprasi kwenye ndoo ya mchanga tarehe 18 Desemba. Sasa linapukutika na mchwa wameshapanda. Mama mkwe anasema tusiliguse kabla ya Epifania. Baadaye tunaweza kulipikia?
*Baba Neema, Ipuli, Tabora*

Jibu: Litoeni leo. Mwambieni mama kwa heshima kwamba pango na nyota vinabaki, ni tawi tu linalotoka. Tawi lililokatwa huishi kwa maji, na mchanga mkavu haulipi kitu. Likiwa na utomvu na majani makavu hushika moto upesi sana, na mnaliwekea taa juu yake. Mchwa nao wakimaliza tawi watageukia fremu ya mlango.

Chomoeni plagi kwanza, ndipo mvue taa. Tandikeni shuka kuukuu chini, mlaze tawi, mlifunge humo na kulitoa zima, la sivyo mtafagia majani hadi Pasaka. Msilipikie jikoni ndani: utomvu huripuka cheche na masizi yake hunata kwenye sufuria. Likateni vipande, likauke nje, lichomwe uani siku isiyo na upepo. Mchanga wa ndoo mwageni mbali na ukuta, maana una mchwa.

Mwakani wekeni tawi kwenye ndoo ya maji, mkate upya sentimita 2 za kitako kabla ya kulisimika, na muongeze maji kila asubuhi. Ndoo isimame juu ya matofali, isiguse udongo.

Swali: Taa za mwaka jana zinawaka nusu. Kwa nini?
*Msomaji, Kasulu*

Jibu: Waya wa taa hizo umegawanywa vipande, na balbu za kila kipande hupokezana umeme. Moja ikilegea au waya ukikatika, kipande chote huzima. Ukiwa umechomoa plagi, kandamiza balbu za upande uliozima moja moja. Mara nyingi chanzo ni kuzifunga fundo na kuzirundika kwenye mfuko. Ziwashe kabla ya kuzihifadhi ujue kama ni nzima, zizungushie kipande cha boksi kama uzi kwenye kibao, kisha zitie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, panya wasitafune waya.