Mukene wa mama kwenye intavyuu

SWALI: Asalaam aleikum, Shangazi. Nilimaliza shahada ya biashara mwaka jana. Alhamisi ijayo nimeitwa intavyuu Nakawa, hapo Kampala, kampuni ya kusambaza vyakula inatafuta vijana wa kufundishwa umeneja. Sijawahi kuajiriwa popote. Tangu sekondari namsaidia mama kuuza mukene, wale dagaa wakavu wa ziwani, sokoni, lakini kwenye wasifu wangu sikuliandika hilo, niliona aibu. Wakiniuliza uzoefu, niseme nini? Na wakiuliza mshahara je? – Msomaji, Bombo

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Umenigusa kwa hilo neno aibu, maana umeficha kitu pekee kitakachokutofautisha na wenzako wenye shahada kama yako.

Nimekaa upande wa waulizaji miaka 11, kwenye kampuni ya kusambaza sabuni na mafuta ya kula. Swali tulilolipenda lilikuwa hili: mtunza ghala ana umri wa baba yako, ukihesabu unakuta katoni 3 za sabuni hazipo, utafanyaje? Kijana mmoja aliyefaulu vizuri sana chuoni alijibu papo hapo kwamba angemfukuza. Binti aliyemfuata alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwanza ningemwomba tuhesabu tena pamoja, tutazame na karatasi za kupokea mzigo, halafu jioni hiyohiyo nimjulishe mkubwa wangu kwa maandishi." Alijuaje? Alikulia dukani kwa mjomba wake. Tulimchukua.

Kwa hiyo leo usiku kaa na mama, shika kalamu. Gunia mnalinunua kwa bei gani, linatoa vikombe vingapi, wateja wa mkopo ni wangapi na nani huwadai? Mvua ikilowesha gunia mnafanyaje? Mnaanika upya kwenye turubai, mnachekecha mchanga, waliovunjika mnawauzia wafugaji wa kuku? Hasara ilikuwa shilingi ngapi? Chagua kisa kimoja ambacho wewe mwenyewe uliamua jambo, ukisimulie kwa tarakimu zake. Kama uamuzi wako uliwatia hasara, sema hivyo na useme ulibadilisha nini baadaye. Kujifunza umeneja ni kupelekwa ghalani, kwenye lori, kaunta, kisha ofisini, na wanatafuta mtu asiyeogopa vumbi la ghala. Wewe vumbi unalijua.

Usiseme tu kwamba unajituma. Kila mtu husema hivyo.

Mshahara: waulize wanaofanya kazi za aina hiyo, uende na kiwango cha chini na cha juu. Ukitajiwa 800,000, uliza kama ni kabla ya makato. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, peke yake hukata asilimia 5 kwako, yaani 40,000, na mwajiri huongeza asilimia 10 yake, yaani 80,000. Kodi ya mapato ni kando. Uliza pia muda wa majaribio. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inaweka ukomo wa miezi 6, na hauongezwi bila wewe kukubali. Kuuliza hayo si utovu wa adabu. Na yeyote akikudai pesa ya fomu au ya "kushika nafasi", ondoka, mwanangu, hata kama amevaa tai.

Jumatano lala kwa ndugu Kampala. Barabara ya Bombo unaijua, mvua ikinyesha Bwaise hujaa maji na teksi husimama saa nzima. Jioni hiyo pitia lango la kampuni ulione kwa macho yako.

Wasifu uandike upya kesho asubuhi. Mstari wa kwanza wa uzoefu uwe biashara ya mukene: soko gani, kuanzia mwaka gani, kununua, kuhesabu, kukusanya madeni. Chapisha nakala 3, kwa sababu waulizaji mara nyingi ni watatu na mmoja huwa hajaletewa karatasi yako.